Ulanga Wangu Ndani ya Masanduku ya Bwana Miwani

Mkija kunitembelea, msishangae nikiishika mikono yenu na kuigeuzageuza kabla sijawauliza habari za nyumbani. Mke wangu amenikanya miaka na miaka kwamba nawatia watu haya. Siachi, maana nilikuwa mpasua ulanga, na mpasua ulanga humjua mtu kwa kucha ya kidole gumba. Kucha ikiwa fupi na pana, huyo anafundishika. Hizi kucha zenu ndefu za ukarani, mnisamehe wajukuu zangu, zingekaa kambini kwetu asubuhi moja tu, mchana zingekuwa njiani kurudi kwa mama.

Ulanga ni lile jiwe linalong'aa mnaloliokota milimani mkidhani mmepata fedha. Limejipanga tabaka juu ya tabaka, kama chapati za Idi zilizopangwa kwenye sahani. Wakati wa Mdachi, Wazungu walilitaka sana. Walituambia kwamba huko kwao huliweka kwenye milango ya majiko na kwenye taa, kwa kuwa halishiki moto na mwanga unapita. Sisi tulicheka. Mtu aje kutoka ng'ambo ya bahari, apande milima ya Uluguru mpaka juu ya Mgeta, kwa ajili ya mlango wa jiko? Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mshahara tulioupata kwa upuuzi huo ulikuwa wa kweli.

Kambi yetu ilikuwa ya Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Miwani. Jina lake hasa sikulijua, na hata ningelijua nisingeweza kulitamka. Wachimbaji walitoa magumba ya ulanga, yaani mapande mazima, kwenye mwamba, sisi wapasuaji tukakaa kwenye magogo chini ya paa la majani, tukasafisha kingo, tukapasua tabaka, kisha kina mama wakachambua vipande kwa ukubwa na kuvipanga kwenye masanduku. Wapagazi wakayashusha masanduku hadi Mlali, na kutoka Mlali hadi Morogoro penye gari la moshi. Watu waliotuona tukirudi nyumbani walisema tunametameta kama majini. Vumbi la ulanga likikukaa kwenye jasho, hata ukioga mtoni halitoki lote. Nilipooa, shemeji zangu walinicheka kwamba bwana harusi amejipaka mapambo kuliko bibi harusi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mnyapara wetu, Masudi. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na mizigo ya Wazungu akiwa kijana, akachoka kutembea, akakaa. Alikuwa na ulimi mkali na mikono laini. Siku ya kwanza alinipa gumba pana kama sinia akaniambia nilipasue. Nami nikalitia kisu katikati, nikakigonga. Likavunjika vipande visivyofaa hata kuwa vioo vya watoto.

"Umelichinja," akasema. "Hili si mbuzi."

Juma lile zima alinilazimisha kula ugali juu ya vile vipande nilivyovunja, mchuzi ukinivujia mapajani, mpaka nikaomba radhi mbele ya wote. Ndipo akanionyesha. Kila gumba lina kona moja iliyolegea. Unaitafuta kwa kucha, polepole, bila kutazama, kwa sababu macho yatakudanganya na kucha haidanganyi. Ukiipata, unaingiza ncha ya kisu kidogo tu, unapuliza, tabaka linajinyanyua lenyewe. Kisha unaliinua juani kutafuta madoa. Ukiwa na hasira, weka kisu chini uende kukojoa. Haya nawapa bure, ingawa siku hizi sijui mtayatumia wapi.

Masudi alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alijivuna nalo kila siku. Alisema anaweza kuujua mkono wa kila mpasuaji kwa kutazama ukingo wa kipande. Huyu hukata kwa kuvuta, yule kwa kusukuma, yule mwingine ana pupa. Tulimjaribu mara nyingi, tukamchanganyia vipande, akavitenga bila kukosea. Alipofanya hivyo aliinua kidevu kama jogoo, na aliyemtibua zaidi ya wote alikuwa Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa mchambuaji, mama wa kijijini kwetu hasa, mjane mwenye maneno. Nanyi mnajua kwamba sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani, utani uliotokana na njia za misafara tangu kwa babu zetu. Kwa hiyo alimwita Masudi "mtumwa wangu", akamchota tumbaku bila kuomba, akamvua kofia na kuivaa. Masudi naye alimwita "mke niliyemnunua kwa chumvi." Mwanamke mwingine angefanya hayo kwa mnyapara angechapwa. Lakini mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani wake ndiye anayetozwa, tena watu humcheka mpaka watoto wake.

Sasa nifike kwenye jambo mliloniomba, maana najua kilichowaleta. Huyu mjukuu wangu ameacha kazi kwenye shamba la mkonge huko njia ya Ngerengere bila kuaga, na sasa anaogopa kwenda kudai chake. Tulia, baba. Hukuanza wewe.

Enzi zetu kulikuwa na kipande. Ni kadi ambayo kila siku unayofanya kazi inatiwa alama, na ikijaa ndipo unalipwa. Mimi niliifunga kwenye pindo la nguo kiunoni, nikalala nayo. Sheria ya kambi, kama tulivyoambiwa na wanyapara wote, ni kwamba ukiondoka kabla haijajaa, umepoteza. Na ukiondoka bila kusema, wewe ni mtoro, Bwana anaweza kupeleka jina lako bomani, na huko wanakusubiri na kiboko, hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano. Hatukuwahi kuuliza sheria hiyo imetoka wapi. Tuliipokea kama tunavyopokea mvua.

Kipande changu kilikuwa kimepita nusu, tena kwa mbali, wakati mjomba wangu Mkude alipofariki. Habari ililetwa kambini asubuhi, tukiwa kazini, nikaitwa pembeni kuambiwa. Nyinyi mliozaliwa mjini huenda hamjui mjomba ni nani kwetu. Sisi tunafuata upande wa mama. Baba yangu alinilea vizuri, Mungu amrehemu, lakini shamba, nyumba na jina la ukoo vilikuwa kwa mjomba, na mimi ndiye mpwa niliyetazamiwa kuvishika. Mpwa akishavikwa jina la mjomba, ukoo mzima humhesabu kuwa ndiye yule marehemu. Mjomba akifa, mpwa haulizi ruhusa. Miguu inakwenda yenyewe.

Ila mimi niliaga. Mpaka leo nasema niliaga. Kijijini kwetu, watu wakilima pamoja na mmoja akaitwa ghafla, hupiga jembe lake lisimame wima kwenye tuta lake, akaenda. Hapana anayemwuliza. Kila mtu akiliona jembe lile anajua mwenzao ameitwa na jambo zito, na tuta lake halichukuliwi na mtu. Basi nami nilichomeka kisu changu wima kwenye gogo, mahali pangu, nikaondoka. Masudi alikuwa kwenye mashimo na wachimbaji. Niliposhuka bondeni nilikuwa nimeridhika kabisa kwamba nimefanya adabu zote.

Masudi aliporudi aliona kisu cha kambi kimechomwa kwenye gogo na mtu hayupo. Kwao Unyamwezi, kumbe, hilo halina maana yoyote. Aliona mtoro aliyetupa kisu kwa hasira.

Mazishi yakapita, matanga yakaisha. Wazee wa ukoo wakaniita wakaniambia, "Nyumba ni yako, mashamba ni yako, jina tutakuvika. Lakini nyumba ina kodi, na jumbe anakuja kukusanya. Marehemu hakuacha hata hela moja. Ukishindwa, utapelekwa kujenga barabara, na hatuwezi kumvika jina mtu ambaye kesho anafungwa kamba." Mama alikuwa pembeni akisikiliza. Yeye alikuwa amebaki na kaka huyo mmoja tu, na sasa nyumba ya kaka yake ilikuwa inaning'inia kwenye kipande kilichokuwa kiunoni mwangu. Alinifungia viazi vya safari.

Kurudi kazini nisingeweza tena, maana shamba lilikuwa linanisubiri. Nilichotaka ni malipo ya siku zangu tu, niende zangu. Nikapanda mlima nikizihesabu alama za kipande njia nzima. Mnapoambiwa mtu jasiri haogopi, mjue aliyesema hayo hakuwahi kudai mshahara kwenye kazi aliyoitoroka.

Nilimkuta Masudi karibu na nyumba ya Bwana Miwani. Masanduku yalikuwa yamepigwa misumari, wapagazi wameketi kando wakingoja kuyabeba.

"Shikamoo, Mnyapara."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimefuata siku zangu."

"Siku gani? Umetoroka. Kipande hakijajaa. Shukuru sijampelekea Bwana jina lako, nilikuonea huruma. Nenda kabla hajatoka."

Nikamwambia nilifiwa. Akasema pole, na ninaamini ilimtoka moyoni, lakini sheria ni sheria. Nikamwambia habari ya kisu. Akanitazama kama anayetazama mtu aliyepungukiwa akili. Nikaona barabara, kamba, na mama amekaa kwenye nyumba iliyofungwa. Sioni haya kuwaambia kwamba machozi yalikuwa karibu.

Mwanahawa alikuwa anafagia banda, amesikia yote. Akaja, hakunisalimu, hakuniangalia. Akaenda moja kwa moja kwenye masanduku, akakalia moja, akawaambia wapagazi, "Hakuna kubeba. Leteni kitu cha kung'olea misumari."

"Unafanya nini, wewe mwanamke?" Masudi akauliza.

"Natafuta ulanga wa Saidi." Saidi ni mimi. "Umesema siku zake hazipo. Mtu ambaye siku zake hazipo hakupasua kitu. Basi nitoe ulanga wake wote humu, niurudishe shimoni ukakae ulipokuwa. Wewe mtumwa wangu unajisifu unaijua mikono ya wote. Njoo unichagulie."

Wapagazi wakaanza kucheka. Masudi angemfukuza mtu mwingine yeyote, lakini huyu alikuwa mtani wake, na wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi wenzake, walikuwa wanamtazama waone kama atakasirika. Mwanahawa akachukua jiwe, akagonga kifuniko cha sanduku la pembeni mpaka kikafunguka. Akatoa kipande kikubwa, kisafi, akamnyooshea.

"Huu ni mkono wa nani? Au siku hizi huoni?"

Kelele zile zikamtoa Bwana Miwani. Aliposimama barazani wapagazi wote waliinuka, lakini Mwanahawa hakushuka kwenye sanduku. Bwana akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwa nini mzigo haujaondoka. Gari la moshi halitangoja.

Hapo, wajukuu zangu, ndipo nilipomjua Masudi. Angeweza kusema, huyu ni mtoro na huyu ni kichaa. Angeaminiwa. Alikishika kile kipande, akakiinua juani kama alivyonifundisha, akapitisha kucha kwenye ukingo.

"Huu ni mkono wa Saidi, Bwana," akasema. "Humo kwenye masanduku upo mwingine mwingi wa kwake. Amefiwa na mjomba wake akaondoka bila kuniambia. Anataka malipo ya siku alizofanya."

"Kwa nini hakusema?" Bwana akauliza.

Kabla sijajibu, Mwanahawa akaisimulia ile desturi ya jembe, na kisu kilivyosimama kwenye gogo, akasema yeye alipokiona alielewa papo hapo, akadhani kila mwenye akili ameelewa. Hapo alimtupia Masudi jicho. Bwana Miwani alivua miwani yake akaifuta. Sijui alielewa kiasi gani. Alitazama masanduku, akatazama jua lilipofika.

"Kuondoka bila kusema, hiyo mbaya," akasema. "Kwa hiyo nakata. Siku za kazi, hizo kazi imefanywa. Nalipa. Kipande lete."

Nilijaribu kukifungua kile kipande kiunoni, fundo likanishinda, Masudi akanisaidia kulifungua. Bwana akahesabu alama, akakata alichokata, akanilipa rupia na hela zilizobaki, akanichania kadi mbele ya macho yangu. Jina langu halikwenda bomani. Hakuna kiboko. Mwanahawa akashuka kwenye sanduku kama malkia, akamtaka Masudi amlipe kwa kumchosha, akachukua tumbaku yake yote. Masudi akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi la ulanga, nikapumua kama mpagazi aliyetua mzigo Mlali.

Basi wewe uliyeacha mkonge, nisikilize. Kuondoka vibaya ni jambo moja, na kazi uliyokwisha kuifanya ni jambo la pili. Wakubwa wa kazi hupenda kuyafunga pamoja, ukikosa la kwanza wakunyime na la pili. Wewe yafungue. Nenda ukubali kosa lako la kutoaga, wakikata kwa ajili hiyo usipigane sana, lakini siku zako zidai. Mkonge ulioukata umeshapita mashineni, hawawezi kuurudisha kwenye shina. Usiende peke yako. Nenda na mtu anayeijua kazi yako, na ukiweza, nenda na mtu asiyeona haya. Usiende na hasira, wala usiende mzigo ukishaondoka. Na safari nyingine fungua mdomo uage kwa maneno. Desturi za kwenu huzijua wa kwenu tu. Hilo lilinigharimu ule mkato wa Bwana Miwani, na mpaka leo nautamani.

Masudi alikuja kunitembelea baadaye mara nyingi, akila viazi vyangu na kusema ni vidogo. Nilimwuliza siku moja kwa nini hakunikana. Akasema, "Ningeukana mkono wako, ningekuwa nimekana wangu niliokufundisha." Kisha akaanza kunitania kwamba mke wangu hajui kupika, tukaliacha.

Ile siku ya malipo sikulala njiani. Nilishuka mlima nusu nakimbia, nikimwimbia mjomba kama bado yupo. Jumbe alikuwa amefika kijijini na karani wake, amekaa barazani kwa wazee. Nikasalimu, nikaweka kodi ya nyumba ya marehemu mkekani, karani akanipa stakabadhi. Jumbe akasema, "Haya, mwingine." Ilikwisha hivyo tu, jambo lililoninyima usingizi siku zote zile. Wazee wakatazamana, wakaniambia niende nyumbani nikapumzike, asubuhi watanivika jina.

Mama alikuwa mlangoni kwa mjomba, akipepeta mahindi. Nikamwambia kodi imelipwa. Ungo ukabaki mikononi mwake bila kutikisika. Kisha akauweka chini, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha marehemu ambacho hakuna aliyekikalia tangu mazishi. Akakifuta vumbi kwa pindo la kaniki yake, akakiweka karibu na moto. Kwa mila yetu jina nilikuwa sijavikwa bado, lakini yeye hakungoja wazee.

"Karibu, kaka," akaniambia.

Nikakaa.